MAPAMBO YA KARATASI KUTOKANA NA VITABU VIKUUKUU

Karibu kila shule ya sekondari ina kabati au chumba cha vitabu visivyosomwa tena. Vingine ni vya mihutasari iliyokwisha badilishwa, vingine vimeliwa na mchwa, na vingine kurasa zake zimekuwa za rangi ya chai na hukatika mara zinapoguswa. Mara nyingi vitabu hivyo huishia motoni. Hata hivyo, karatasi iliyochakaa kwa kusomwa bado yaweza kufaa kwa kazi za mikono, na katika kazi hizo mna mafunzo ya kemia, fizikia na hisabati. Makala haya yaeleza jinsi karatasi ilivyoumbika, jinsi inavyozeeka, na jinsi ya kutengeneza mapambo mawili kwa kutumia kitabu kikuukuu. Lakini kabla ya mkasi kushikwa, kuna swali ambalo hapana budi lijibiwe: ni kitabu gani kikatwe, na kipi kisiguswe?

Karatasi ni nini?

Karatasi ni mkeka wa nyuzinyuzi za mimea zilizotandazwa, zikakamuliwa maji na kukaushwa. Nyuzi hizo ni za selulosi, na kila molekuli ya selulosi ni mnyororo mrefu wa glukosi. Nyuzi zinapokauka zikiwa zimekaribiana, hushikana kwa vifungo vya haidrojeni. Ndiyo maana karatasi yaweza kufanywa bila gundi yoyote. Maji yakiingia, vifungo hivyo hulegea, na karatasi hurudi kuwa rojo; maji yakitoka, vifungo hujengeka upya.

Karatasi inapotengenezwa kiwandani, rojo humiminwa juu ya wavu uendao mbele kwa kasi. Kwa sababu hiyo nyuzi nyingi hulala kuelekea upande mmoja, kama magogo yachukuliwayo na mto. Mlalo huu wa nyuzi ndio siri ya kazi yote ya kukunja na kuviringisha. Uzi wa selulosi unapolowa hutanuka sana kwa unene, lakini kwa urefu hutanuka kidogo mno.

Jaribio la 1. Kipande cha karatasi cha mraba, sm 5 kwa sm 5, kipakwe maji upande mmoja tu. Baada ya muda mfupi kitajikunja kama bomba. Upande uliolowa umetanuka kukatisha mlalo wa nyuzi, na upande mkavu haujatanuka. Kwa hiyo karatasi hupinda kuelekea upande mkavu. Mhimili wa bomba hilo ndio mlalo wa nyuzi. Katika kitabu kilichotengenezwa vizuri, nyuzi hulala sambamba na mgongo wa kitabu, ili kurasa zifunguke kwa ulaini.

Kwa nini vitabu huzeeka?

Kwa karne nyingi karatasi ya Ulaya na ya nchi za Kiislamu ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, na vitabu vingi vya wakati huo vingali imara hadi leo. Mabadiliko yalikuja katika karne ya 19. Mwaka 1807 Moritz Friedrich Illig wa Ujerumani alitangaza njia ya kuzuia wino usisambae katika karatasi kwa kutumia utomvu wa msonobari pamoja na shabu. Mwaka 1844 Friedrich Gottlob Keller, naye wa Ujerumani, alibuni mashine ya kusaga mbao kuwa rojo la karatasi. Njia hizi mbili ziliifanya karatasi kuwa rahisi, na vitabu vikaweza kuwafikia watu wengi. Lakini ndani yake kulikuwa na madhara mawili.

Dhara la kwanza ni asidi. Shabu ikikutana na unyevu huzaa asidi, na asidi hiyo huharakisha kukatika kwa minyororo ya selulosi. Asidi haimaliziki katika tendo hilo, kwani ni kichocheo tu. Kiasi kidogo huendelea kukata mnyororo baada ya mnyororo, mwaka baada ya mwaka. Joto na unyevu huzidisha kasi yake, na kwa hiyo kitabu kilichowekwa katika chumba chenye joto na unyevu cha mji wa pwani huzeeka haraka kuliko nakala yake iliyo mahali pakavu penye baridi.

Dhara la pili ni lignini, gundi ya asili iliyomo katika mbao. Mbao zikisagwa tu bila kuchemshwa kwa kemikali, lignini hubaki katika karatasi. Lignini ikipigwa na mwanga na hewa hugeuka rangi na kuwa ya manjano, kisha kahawia.

Jaribio la 2. Kipande cha gazeti kifunikwe nusu kwa kadibodi nene na kuwekwa juani kwa siku tano. Nusu iliyoachwa wazi ilinganishwe na ile iliyofunikwa. Jaribio lirudiwe kwa karatasi nyeupe ya kuandikia, na tofauti ielezwe.

Tangu miaka ya 1980 viwanda vingi vimegeukia karatasi isiyo na asidi, ambayo hutiwa kalsiamu kabonati. Lakini vitabu vingi vilivyochapishwa baina ya mwaka 1850 na miaka hiyo vina ugonjwa huu ndani yake.

Kitabu gani kisikatwe?

Historia yaonyesha kwamba kutumia maandishi ya zamani kwa kazi nyingine si jambo jipya, na kwamba hasara yake yaweza kuwa kubwa kupita kiasi. Huko Misri, wakati wa wafalme wa ukoo wa Ptolemaio (305–30 K.K.), mafundi walichukua mafunjo yaliyokwisha andikwa, wakayabandika tabaka juu ya tabaka, wakayapaka lipu na rangi, na kuyafanya vinyago na mapambo ya kufunikia maiti. Mafunjo hayo yalikuwa hati za ofisi na vitabu vilivyotupwa. Katika pambo moja la namna hiyo zilipatikana beti fupi zipatazo 112 za Kigiriki, zidhaniwazo kuwa za mshairi Posidippus, na zikachapishwa mwaka 2001. Nyingi kati yake hazikuwa zikijulikana hapo awali. Lakini mara nyingi ili maandishi yasomwe, pambo lenyewe lilibidi kubomolewa. Hasara iliyofanywa na fundi wa kwanza ikazaa hasara ya pili.

Mfano wa pili wawahusu zaidi wanasayansi. Katika karne ya 10, mwandishi mmoja wa Konstantinopoli alinakili kazi za Archimedes juu ya ngozi. Mwaka 1229 kurasa hizo zilikwanguliwa, zikakatwa na kukunjwa upya, zikawa kitabu cha sala. Mwaka 1906 mtaalamu wa Denmark, Johan Ludvig Heiberg, alitambua maneno ya Archimedes chini ya sala hizo. Miongoni mwake ilikuwamo kazi iitwayo "Mbinu", ambayo hakuna nakala nyingine ya Kigiriki iliyopatikana hadi leo. Baada ya kitabu hicho kuuzwa mwaka 1998, wataalamu walifanya kazi kwa miaka kadhaa, wakitumia mwanga wa rangi mbalimbali na miali ya eksirei, ili kusoma kile ambacho mkono mmoja ulikifuta. Aliyekwangua hakuwa na nia mbaya. Alihitaji ngozi ya kuandikia, na alichokiona mbele yake kilikuwa kitabu kikuukuu.

Afrika Mashariki nayo ina hazina kama hizo. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wa miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, na orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Miswada ya aina hiyo ilihifadhiwa katika nyumba za watu kwa vizazi vingi. Daftari lililo kwenye sanduku la babu laweza kuonekana takataka machoni pa mjukuu asiyejua kulisoma.

Kwa hiyo zifuatwe kanuni hizi:

1. Kisikatwe kitabu chochote kilichoandikwa kwa mkono, wala kumbukumbu za shule, kijiji, msikiti au kanisa.
2. Kisikatwe kitabu kilichochapwa zamani katika nchi au kwa lugha ya mahali, kwa kuwa huenda nakala zake ni chache. Aulizwe kwanza mkutubi.
3. Kisikatwe kitabu ambacho shule nyingine yaweza kukisoma. Kitabu cha jometri cha miaka thelathini iliyopita bado chafundisha jometri.
4. Kisikatwe wala kusuguliwa kitabu cha karne ya 19 chenye jalada la kitambaa cha kijani kikali. Baadhi ya majalada hayo yalitiwa rangi yenye aseniki, ambayo ni sumu.
5. Vyaweza kukatwa vitabu vilivyopotewa na kurasa, nakala zilizozidi za vitabu vilivyopitwa na wakati, orodha za bei na magazeti. Vilivyoota ukungu vitengwe, maana vumbi lake hudhuru mapafu.

Jaribio la 3. Pembe ya ukurasa ikunjwe mbele na nyuma. Ikikatika baada ya mara mbili tatu, karatasi hiyo imekwisha nguvu na haifai kukunjwa. Itumike kwa kazi ya rojo.

Pambo la kwanza: koni ya kurasa

Kichaguliwe kitabu cha jalada laini chenye karatasi zipatazo 100, yaani kurasa 200, kila ukurasa ukiwa na urefu wa sm 21 na upana wa sm 14. Jalada liondolewe, lakini mgongo uachwe mzima.

Pembe ya juu ya ukurasa ikunjwe mpaka ukingo wa juu ulale juu ya mgongo. Hapo pembe ya nyuzi 45 hupatikana. Kisha ukingo mpya wa mshazari ukunjwe tena mpaka mgongoni, na pembe huwa nusu yake, yaani nyuzi 22.5. Sehemu inayojitokeza chini ikunjwe kuelekea juu na kuingizwa ndani. Kila mkunjo usuguliwe kwa mgongo wa kijiko. Kazi irudiwe kwa kila karatasi bila kubadili mpango, kisha ya kwanza na ya mwisho zigundishwe. Kitabu husimama chenyewe kama koni yenye mbavu.

Hisabati yake ni hii. Kimo cha koni ni sm 21. Nusu-kipenyo cha kitako ni 21 × tan 22.5°, yaani 21 × 0.414 = sm 8.7. Mzingo wa kitako ni 2 × 3.14 × 8.7, karibu sm 54.6. Karatasi 100 zikigawana mzingo huo, baina ya mbavu mbili hubaki nafasi ya milimita 5 na nusu hivi. Kitabu chenye karatasi 40 tu kingeacha mianya ya milimita 14, na pambo lingeonekana limepwaya.

Pambo la pili: shanga

Katika mji wa Kampala, Uganda, akina mama wengi wamejipatia riziki kwa kutengeneza shanga za karatasi zilizokwisha tumika. Karatasi hukatwa pembetatu ndefu na nyembamba, huviringishwa kwenye sindano nene kuanzia kitako, hugundishwa ncha, na hatimaye hupakwa vanishi.

Mlalo wa nyuzi ukumbukwe hapa. Karatasi huviringika kwa urahisi pale mhimili wa mviringo unapokuwa sambamba na nyuzi. Kwa kuwa katika kitabu nyuzi husimama sambamba na mgongo, vipande vikatwe kwa upana wa ukurasa, siyo kwa urefu wake. Vipande viwili vya sm 14 vikiunganishwa hutoa urefu wa sm 28.

Unene wa shanga waweza kukadiriwa kabla ya kuitengeneza. Karatasi yenye unene wa mm 0.1 na urefu wa mm 280 ina eneo la ubavuni la mm² 28. Eneo hilo halipotei linapoviringishwa. Huwa ni eneo la duara la shanga ukiondoa tundu. Tundu likiwa na kipenyo cha mm 2, kipenyo cha shanga, D, ni:

D² = (4 × 28 ÷ 3.14) + 2² = 35.7 + 4 = 39.7

Hivyo D ni karibu mm 6.3. Urefu ukizidishwa mara mbili, D huwa mm 8.7 tu, siyo 12.6. Shanga halisi itazidi kidogo kwa sababu ya gundi na hewa iliyonaswa kati ya matabaka.

Gundi

Gundi bora ni ya wanga. Kijiko kimoja cha unga wa muhogo au ngano kikorogwe katika vijiko vitano vya maji baridi, kisha kipashwe moto polepole huku kikikorogwa. Joto likifika baina ya nyuzijoto 60 na 70 hivi, chembe za wanga hunywa maji, huvimba na kupasuka, na uji huwa mzito na mwangavu. Wanga, kama selulosi, umejengwa kwa glukosi. Kwa hiyo hushikana vyema na karatasi. Gundi hiyo itumike katika siku mbili, kwa maana ukungu na wadudu huipenda pia.

Vipande vinavyobaki visitupwe. Vilowekwe usiku kucha, vitwangwe katika kinu, rojo libandikwe juu ya bakuli lililopakwa mafuta, na kukaushwa kivulini. Bakuli la karatasi litakalopatikana litashikana kwa vifungo vile vile vya haidrojeni vilivyoelezwa mwanzoni.

Maswali

1. Eleza kwa nini karatasi hupinda kuelekea upande mkavu.
2. Kwa nini kiasi kidogo cha asidi chaweza kuharibu kitabu kizima?
3. Kokotoa nusu-kipenyo cha kitako cha koni iliyokunjwa kwa kitabu chenye urefu wa sm 18.
4. Shanga yenye kipenyo cha mm 10 na tundu la mm 2 yahitaji karatasi ya urefu gani, unene ukiwa mm 0.1?
5. Wanafunzi wakague kabati la vitabu vikuukuu vya shule, waorodheshe kila kitabu, mwaka na mahali kilipochapwa, kisha waamue kwa hoja kipi kihifadhiwe, kipi kipelekwe kwingine, na kipi kikatwe. Orodha ikamilike kwanza, mkasi ufuate.