Mgongoni mwa Mwenzako Upepo Hupungua

Hewa haionekani, lakini ina uzito: mita moja ya ujazo karibu na usawa wa bahari ina takriban kilo 1.2. Kila kinachokwenda lazima kiisukume kando. Maswali haya yanahusu faida ya kumwachia mwingine kazi hiyo.

Kwa nini anayefuata hachoki kama aliyetangulia?

Aliyetangulia hupasua hewa kwa kifua chake. Mbele yake hewa husongamana na shinikizo hupanda. Ikishampita haiwahi kujifunga mgongoni mwake, kwa hiyo nyuma hubaki eneo lenye shinikizo dogo na hewa inayozungukazunguka. Mbele anasukumwa, nyuma ni kama anavutwa. Wewe ukiingia katika eneo hilo unakutana na hewa ambayo tayari imeanza safari pamoja nanyi.

Faida hiyo hutegemea mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, ukinzani wa hewa huzidi mara nne, na nguvu ya kuushinda kwa kila sekunde huzidi mara nane. Ndiyo maana anayetembea siku tulivu hapati chochote kwa kujibanza nyuma ya mwenzake, ilhali mwendesha baiskeli hupata karibu kila kitu.

Je, mkimbiaji Eliud Kipchoge alibebwa kule Vienna?

Alikingwa, hakubebwa. Tarehe 12 Oktoba 2019, katika barabara ya Hauptallee iliyomo kwenye bustani ya Prater, alimaliza kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40. Huo ni mwendo wa zaidi ya kilomita 21 kwa saa. Hata majani ya miti yasipotikisika, anayekimbia hivyo anapigwa usoni na upepo wa karibu mita 6 kwa sekunde, kwa saa mbili mfululizo.

Wawekaji kasi 41 walipokezana, saba kwa wakati mmoja: watano mbele, wawili nyuma. Wengi wangetarajia wale watano wajipange kama mshale unaoelekea mbele. Waliugeuza. Wa pembeni walitangulia, na wa katikati alibaki nyuma yao, karibu na Kipchoge. Mpangilio huo ulitokana na hesabu za kompyuta kuhusu mtiririko wa hewa. Wawili wa nyuma nao hawakuwa pambo, maana mtu akikufuata kwa karibu hujaza lile eneo la shinikizo dogo mgongoni mwako, na wewe unavutwa nyuma kwa nguvu ndogo kuliko ungekuwa peke yako.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1971 mwanafiziolojia Mwingereza Griffith Pugh alichapisha vipimo vya mkimbiaji aliyekwenda mita 6 kwa sekunde, mita moja nyuma ya mwenzake: matumizi yake ya oksijeni yalipungua kwa asilimia 6.5.

Vienna kulikuwa na mengine pia: viatu, njia tambarare, siku iliyochaguliwa kwa hali ya hewa, vinywaji vilivyoletwa kwa baiskeli. Muda ule haukuandikwa kuwa rekodi ya dunia, na ni haki. Kelvin Kiptum alipokimbia 2:00:35 Chicago mwezi Oktoba 2023, kilomita za mwisho alikuwa peke yake, hana mgongo wa kujibanza. Mimi muda huo wa Chicago ndio unaonishangaza zaidi.

Kule Iten hewa ni nyepesi. Ukinzani haupungui?

Hupungua. Iten, mji wa mazoezi ya wakimbiaji nchini Kenya, uko kwenye mwinuko wa kama mita 2,400, na huko hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Lakini oksijeni nayo hupungua, na mkimbiaji wa mbio ndefu hupoteza zaidi ya anachookoa. Wa mita 100 ndiye hufaidika.

Kwa baiskeli hali ikoje?

Hapo ndipo penye utajiri wenyewe. Mwaka 2018 mtafiti Bert Blocken na wenzake walichapisha utafiti juu ya kundi la waendesha baiskeli 121. Aliyekaa ndani kabisa ya kundi, kuelekea nyuma, alikuta ukinzani wa asilimia 5 hadi 10 tu ya ule ambao angeukuta akiwa peke yake. Ndiyo sababu mtu akichomoka mapema kwenye mbio za tambarare, kundi humrudisha.

Mlima huharibu hesabu hiyo. Mwendo ukishuka, hewa haina neno. Kinachokuzuia ni uzito wako. Mashindano ya dunia ya baiskeli ya Kigali, Septemba 2025, yalionyesha wazi: mbio za wanaume zilipita vilima vingi hata wakamaliza 30 tu, na Tadej Pogačar alikwenda zaidi ya kilomita 60 za mwisho peke yake, akashinda.

Ndege wanaoruka kwa safu wanafanya vivyo hivyo?

Hapana, ingawa watu huchanganya. Bawa husukuma hewa chini, na kwenye ncha yake hewa hujipinda ikapanda juu kwa upande wa nje. Anayefuata huweka bawa lake kwenye hewa hiyo inayopanda. Akikaa nyuma moja kwa moja ataangukia inayoshuka, pabaya kuliko pote. Mwari waliopimwa Senegal mapigo yao ya moyo yalikuwa chini kwa asilimia 11 hadi 14 walipokuwa kwenye safu.

Mimi ni bodaboda. Nikikaa nyuma ya trela nitaokoa mafuta?

Utaokoa kidogo, ndugu yangu, na usifanye. Ili upate kinga ya maana lazima uwe mita chache tu kutoka kwenye bampa. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa unakula mita 22 kila sekunde, na mtu makini huhitaji sekunde moja hivi kabla hajagusa breki. Ukiwa mita 10 nyuma na trela likafunga breki ghafla, huna nafasi ya kutosha kusimama. Trela pia hukuficha shimo, mbuzi na gari lililokwama, na hewa yake inayozunguka huyumbisha pikipiki. Malori yaliyokwenda karibukaribu hadi Rotterdam mwaka 2016 yaliunganishwa kwa mitambo ya mawasiliano, likifunga breki la mbele na la nyuma linafunga papo hapo. Pikipiki yako haina mtambo huo. Kaa mbali.