Kabla hujamlipa fundi wa tovuti: cheti kinakuambia nini, na nini hakikuambii

Leo sizungumzii picha za bidhaa wala matangazo. Nazungumzia hela ambayo wengi tunaitoa siku moja na kuijutia mwaka mzima: hela ya kumlipa fundi wa tovuti au wa mfumo wa duka.

Swali ninaloulizwa sana ni hili: "Nimchukue mwenye vyeti, au huyu kijana aliyejifunza mwenyewe kwenye simu?" Mimi nimeshawachukua wote wawili, kwa hiyo nitajibu kwa hasara zangu.

Nauza vitenge na viatu vya mtumba hapa Mwamapalala. Wateja wangu wengi wako Bariadi, Maswa na Mwanza, mzigo unapanda basi. Shule niliishia kidato cha nne. Nilipotaka tovuti nikajisemea: kazi ya kompyuta siwezi kuikagua, bora nikague makaratasi. Nikampata kaka mmoja mwenye vyeti vitatu. Nikamlipa 450,000 yote kwa mkupuo.

Vyeti vilikuwa vya kweli, na tovuti ilipendeza. Shida ikaja msimu wa pamba, kipindi ambacho watu huku wana hela. Wateja wanalipa kwenye lipa namba yangu, naona hela imeingia, ila sijui nani kaagiza nini! Kumbe maelezo ya oda yalikuwa yanaenda kwenye imeili ya fundi. Aliiweka wakati anajaribu mfumo, akasahau kuitoa. Nampigia, hapatikani, alishapata ajira mbali na kubadilisha laini. Mama mmoja wa Maswa akaniita tapeli kwenye grupu la watu zaidi ya mia. Wiki mbili baadaye tovuti ikapotea kabisa. Jina la tovuti lilisajiliwa kwa jina lake, mwaka ukaisha, na ujumbe wa kukumbusha kulipia ukaenda kwake.

Nilirudisha hela za watu tisa. Hapo ndipo nikaelewa: cheti kiliniambia kwamba amesoma. Hakikuniambia kama anajua kukabidhi kazi.

Mara ya pili nikamchukua mdogo wangu mmoja wa Bariadi, kajifunza mwenyewe, hana cheti hata kimoja. Alinikabidhi kila kitu na simu anapokea. Lakini baada ya miezi michache, mteja wangu mmoja anayesomea TEHAMA chuoni alinionyesha jambo lililonitoa jasho: ukibadilisha namba ya mwisho kwenye linki ya oda yako, unaona oda ya mtu mwingine, jina lake, simu yake na anapokaa. Kijana alirekebisha siku hiyohiyo, ila hakuwahi kujua kama lile ni kosa. Mtu aliyefundishwa usalama wa mifumo angelizuia mapema.

Na hapo usifanye mchezo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu anayekusanya taarifa za wateja, yaani wewe mwenye duka. Huwezi kujitetea kwamba "ni fundi".

Sasa cheti kina maana au hakina? Angalia mafundi wengine. Fundi wa kufunga umeme anatakiwa awe na leseni ya EWURA, kwa sababu akikosea nyumba inaungua. Fundi cherehani hatumuulizi cheti. Tunageuza nguo ndani nje, tunaangalia mshono. Fundi wa programu yuko katikati ya hao wawili. Marekani walianzisha mtihani wa leseni kwa wahandisi wa programu mwaka 2013, watahiniwa wakawa wachache mno, ukasitishwa 2019. Hapa kwetu Tume ya TEHAMA inasajili wataalamu wa fani hiyo. Na VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi wa fani kama useremala au uashi aliyejifunzia mtaani anapimwa kwa kazi yake, ndipo anapewa cheti. Kwa hiyo hata wanaotoa vyeti wanaangalia mshono.

Siku hizi nafuata mpangilio huu:

1. Kazi iliyo hai kwanza. Sitaki skrinishoti. Nataka tovuti ninayoweza kuifungua, na namba ya mwenye duka. Nampigia namuuliza swali moja: ilipoharibika, fundi alichukua siku ngapi kuja?

2. Jina la tovuti liwe langu. Lisajiliwe kwa jina langu, imeili yangu na simu yangu. Paswedi zote nakabidhiwa kabla ya malipo ya mwisho, kisha nazibadilisha.

3. Jaribio dogo la kulipwa. Ukurasa mmoja wenye bidhaa tano. Naufungua kwa simu ya bei ndogo, kwa mtandao wa hapahapa kijijini. Nikiagiza, oda inakuja kwangu?

4. Malipo kwa hatua. Theluthi kuanza, theluthi nikiona inafanya kazi, theluthi nikikabidhiwa. Tunaandikiana, hata kama ni karatasi ya daftari yenye sahihi mbili.

5. Cheti ndipo kinafuata. Nauliza ni cha nini. Cheti cha CCNA, kwa mfano, ni cha mambo ya mitandao, sio cha kutengeneza duka la mtandaoni, na baada ya miaka mitatu kinatakiwa kuhuishwa. Cheti kizuri cha kazi nyingine hakikusaidii.

Kama unataka ukurasa wa picha, bei na kitufe cha WhatsApp, namba 1 hadi 4 zinakutosha. Kama mfumo utatunza taarifa za wateja au kupokea malipo, tafuta mtu aliyesomea usalama, au mlipe mtu kama huyo akague kazi ya kijana wako kabla hujafungua duka. Mimi sasa nafanya hivyo: kijana wa Bariadi anajenga, yule mwanafunzi wa TEHAMA anakagua, nalipa wote wawili.

Yule mama wa Maswa alirudi kununua mwaka huu. Ila kwanza aliniuliza, "Mwanangu, safari hii oda yangu utaiona?"

Mtumie mwenzako anayetaka kumlipa fundi wiki hii.