Kuamia Ndege na Shule ya Mtoto

Ndugu mkulima wa Garsen, mpunga ukishika maziwa, kwelea-kwelea hushuka kwa maelfu. Hapo ndipo mtoto hutolewa shuleni, akapewa kombeo na kupandishwa dunguni. Punje huokoka, lakini mtoto akikosa masomo mpaka mavuno, akirudi hukuta wenzake wamefika mbali. Huona haya, hunyamaza, na mwisho huacha shule. Basi tujifunze mambo matatu.

Kwanza, zijue saa za adui. Kwelea-kwelea hula sana asubuhi na alasiri. Jua likiwa kali hupumzika mitini.

Pili, amieni kwa zamu. Majirani wanne ambao majaruba yao yamepakana waweza kuweka watu wazima wawili leo, na wawili kesho. Ndege hajui mpaka wa shamba: ukimfukuza kwako tu, wampeleka kwa jirani. Jumamosi mtoto na asaidie, kazi humfunza.

Tatu, zungumza na mtoto jioni. Muulize amesoma nini, na nani amemwudhi. Kijana asiyeulizwa nyumbani hutafuta wa kumsikiliza kwingine.

Kumbuka pia: tangu 2003 shule za msingi za serikali hazitozi karo ya masomo, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria.

Swali la kujibu nyumbani: msimu huu, saa mbili ya asubuhi, nani atakuwa dunguni?