SOMO LA ROBO HII: Kutengeneza Somo Ambalo Mteja wa Mbali Atapenda Kulinunua

Lengo la somo: Kukiwezesha kikundi kuchagua ujuzi mmoja, kuutengenezea somo la kuuza kwa njia ya simu, na kulijaribu kabla ya kupokea fedha za mtu.

Neno la kusoma: Kutoka 35:30–35, Mithali 11:1, Luka 10:7.

Utangulizi

Ndugu msomaji, watu wa Kigoma, Ujiji na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika wana ujuzi ambao wengine wanautafuta. Wapo wanaojua kukamua mawese, kutengeneza sabuni, na kuanika dagaa juu ya vichanja vya wavu ili wasishike mchanga. Zamani aliyetaka kujifunza alipaswa kupanda treni na kuja kukaa. Huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na sasa mtu aliye Tabora au Mwanza anaweza kuomba somo kwa simu, kulilipia kwa simu na kulipokea siku hiyo hiyo.

Hii ni nafasi nzuri kwa vikundi vyetu. Lakini mteja wa mbali hakuoni, wala wewe huoni mikono yake inafanya nini. Ukikosea kumweleza, ataumia mahali ambapo huwezi kumsaidia.

Vipawa viwili

Katika Kutoka 35 tunasoma habari za Bezaleli, fundi wa dhahabu, mawe na mbao. Angalieni mstari wa 34. Mungu alimpa yeye na Oholiabu zaidi ya ufundi: aliwapa pia moyo wa kuwafundisha wengine. Kufanya kazi ni kipawa kimoja na kufundisha ni kipawa kingine. Mama anayepika sabuni nzuri kwa miaka 20 hupima kwa jicho na kwa mazoea. Mteja aliye mbali hana jicho hilo. Kwa hiyo ni lazima mazoea yageuzwe kuwa vipimo.

Hatua ya 1: Anza na swali la mteja

Vikundi vingi huanza kwa kusema, "Tufundishe sabuni." Hilo ni pana mno. Kwa wiki mbili, andikeni katika daftari kila swali ambalo wateja na wageni wanawauliza. Mtakuta maswali kama haya: "Kwa nini sabuni yangu haigandi?" "Kwa nini inawasha mikono?" "Nikitumia mafuta ya mise badala ya mawese, nibadilishe nini?" Swali linalorudi mara nyingi ndilo somo ambalo watu watalinunua. Mteja hulipa ili tatizo lake liishe. Somo fupi linalojibu swali moja vizuri ni bora kuliko somo refu linalogusa kila kitu.

Hatua ya 2: Andika vipimo vya kweli

Tuchukue mfano wa sabuni ya mawese. Kilo 1 ya mawese huhitaji takriban gramu 142 za kostiki soda ili mafuta yote yageuke sabuni. Watengenezaji hupunguza kidogo, hadi karibu gramu 135, ili sabuni isiwe kali. Mafuta ya mise yanahitaji zaidi: karibu gramu 167 kwa kilo, hata baada ya kupunguza. Mtu akichukua kipimo cha mise na kukitumia kwenye mawese, kostiki itabaki ndani ya sabuni na kuunguza ngozi ya atakayeoga nayo, pengine mtoto mchanga.

Basi maneno kama "weka kostiki kiasi" au "kikombe kimoja" hayafai katika somo la kuuza. Kikombe cha Ujiji si kikombe cha Shinyanga. Andikeni gramu, na mwambieni mteja mapema kwamba atahitaji mizani. Mithali 11:1 inasema juu ya mizani ya udanganyifu, na Kurani nayo, katika sura ya 83, inawaonya wanaopunja vipimo. Kikundi chenye Wakristo na Waislamu kinaweza kusimama pamoja juu ya jambo hili.

Hatua ya 3: Onyo la usalama haliuzwi

Je, ni halali kuuza maarifa? Luka 10:7 inatufundisha kwamba mtenda kazi anastahili ujira wake. Muda wa kuandaa, bando, na malighafi za majaribio vyote ni gharama. Lakini yale yanayolinda uhai na mwili wa mtu yatolewe bure kwa kila anayeuliza, hata asiponunua. Kwa sabuni, maonyo hayo ni haya:

- Mimina kostiki kidogo kidogo ndani ya maji. Kamwe usimimine maji juu ya kostiki, kwa sababu huchemka na kuruka.
- Usitumie sufuria ya alumini. Kostiki huila na kutoa gesi inayowaka. Tumia ndoo imara ya plastiki au chombo cha chuma cha pua, na mwiko wa mbao.
- Vaa glavu na miwani, na fanyia kazi nje au mahali penye hewa. Watoto wawe mbali.
- Ikigusa ngozi au jicho, osha papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka, kisha nenda zahanati.
- Kostiki soda si magadi. Usibadilishe moja kwa nyingine.

Sufuria nyingi za majumbani kwetu ni za alumini. Mwalimu anayekaa na mwanafunzi wake angeiona na kuiondoa. Mwalimu wa simu ni lazima aseme.

Hatua ya 4: Chagua umbo linalofaa

Video ndefu humaliza bando na wengi hawaifungui. Gawanyeni somo katika vipande vya dakika tatu hadi tano, kila kipande hatua moja. Ongezeni ukurasa mmoja wa maandishi wenye vipimo, ambao mteja anaweza kuunakili na kuubandika ukutani. Picha ya mkono unaofanya kazi inafundisha kuliko picha ya mwalimu anayeongea.

Kumbukeni lugha pia. Wateja wa Kalemie, Uvira na Bujumbura wanaelewa Kiswahili, lakini majina ya bidhaa kwao yameandikwa kwa Kifaransa. Onyesheni alama ya NaOH iliyo kwenye pakiti, kwani haibadiliki kwa lugha yoyote.

Hatua ya 5: Jaribu kabla ya kuuza

Tafuteni watu watatu ambao hawajawahi kutengeneza sabuni. Wapeni somo kama mteja atakavyolipokea. Kaeni karibu, mnyamaze, wala msiwasaidie isipokuwa pana hatari. Andikeni kila mahali wanaposimama, wanaporudia video, au wanapokosea. Wote watatu wakikwama mahali pamoja, kosa ni la somo. Rekebisheni, kisha jaribuni na watu wengine watatu. Mwonesheni pia mtaalamu. Ofisi ya SIDO ya mkoa ni mahali pazuri pa kuanzia.

Hatua ya 6: Uza kwa uaminifu

Semeni wazi mteja atapata nini, atahitaji vifaa gani, na gharama ya vifaa hivyo. Msimwahidi utajiri. Anayenunua kwa shilingi zake za mwisho anaamini kila neno lenu. Wekeni muda wa kujibu maswali, kwa mfano jioni mbili kwa wiki, na ahadi ya kurudisha fedha ikiwa somo halikueleweka. Kabla ya kuanza, ulizeni TCRA kuhusu kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizoanza mwaka 2018. Mwelezeni mteja pia kwamba sabuni ya kuuza inasimamiwa na TBS. Kujua kutengeneza pekee hakutoshi.

Baada ya mwezi mmoja, mpigieni kila mnunuzi mkamwulize: "Ulitengeneza? Ilikuwaje?" Idadi ya walioweza ndiyo kipimo cha somo lenu.

Maswali ya majadiliano

1. Ni ujuzi gani katika kikundi chetu ambao watu wa mbali wanauulizia?
2. Ni mambo gani tunayafanya kwa mazoea bila kuyapima?
3. Katika ujuzi huo, ni maonyo gani tutakayotoa bure?
4. Mnunuzi akiumia kwa kufuata maelezo yetu, tutawajibika vipi?

Kazi ya kufanya: Kabla ya mkutano ujao, andikeni maswali 10 ya wateja na kuchagua moja.

Sala: Ee Mungu, uliyewapa mafundi wako moyo wa kufundisha, tupe nasi maneno ya kweli na vipimo vya haki, ili kazi ya mikono yetu iwafae tusiowaona. Amina.