Somo: Kumsaidia Anayetafuta Kazi



Katika Mathayo 20 tunasoma habari za watu waliosimama sokoni hadi saa kumi na moja kwa sababu hakuna aliyewaajiri. Hawakuwa wavivu. Vijana wengi wa sharika zetu, kuanzia Ngaramtoni hadi Usa River, wako katika hali hiyo. Wengine, wakichoka kusubiri, huuza ng'ombe wa nyumbani au kipande cha kihamba ili kumlipa mtu aliyeahidi kazi. Kazi haipatikani, na mali imekwenda. Somo hili linaeleza njia iliyo bora.

1. Kujua msimu. Kazi nyingi za Arusha hutegemea utalii. Mvua za masika, hasa Aprili na Mei, hupunguza wageni, nao huongezeka tena kuanzia Juni. Anayetaka kazi hotelini, kwenye kambi za watalii au ya kubeba mizigo Mlima Meru aanze kupeleka maombi masika, wakati waajiri wanajiandaa. Akingoja Julai, nafasi nyingi zimeshajazwa.

2. Kuandaa bahasha. Iwe na barua ya maombi isiyozidi ukurasa mmoja, wasifu, nakala za vyeti, nakala ya kitambulisho cha taifa, na majina ya wadhamini wawili au watatu wenye simu zinazopatikana. Mdhamini aombwe ruhusa kwanza. Barua itaje kazi inayoombwa. Barua inayosema "kazi yoyote" haimsaidii mwajiri kuamua.

3. Kuthibitisha ujuzi. Fundi aliyejifunza uashi au useremala mtaani asikate tamaa kwa kukosa cheti. VETA ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Kwa wanaopenda kazi za hoteli, VETA ina chuo cha hoteli na utalii hapa Njiro.

4. Kutonunua kazi. Kuomba kazi serikalini kupitia Ajira Portal hakuna malipo. Anayedai "ada ya fomu" au "pesa ya bosi" akataliwe. Binti anayetakiwa kutoa mwili wake ili aajiriwe ajue kwamba hilo ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU hupokea taarifa bila malipo kwa namba 113.

5. Kudai maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi: kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, mahali, saa za kazi na ujira. Mfanyakazi atunze nakala yake nyumbani. Akiachishwa kazi isivyo halali, ana siku 30 tu za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Kazi ya kamati

Mwajiri asiyemfahamu kijana huuliza anakotoka. Hapo barua ya utambulisho ya usharika ina thamani kubwa, mradi iwe ya kweli. Tuandike tunachokijua: amehudumu kwaya miaka mingapi, alitunza fedha za vijana kwa uaminifu au la. Tukimsifia asiyestahili, mwajiri hataiamini barua ya kijana atakayefuata. Tukumbuke pia Aprili 2017, watumishi wa umma 9,932 walipotangazwa kuwa na vyeti vya kughushi. Uongo wa siku ya kwanza uliwafuata kazini.

Kwa wafadhili, msaada unaofaa mara nyingi ni mdogo: nauli ya kwenda kwenye usaili, nakala za vyeti, ada ya kupimwa ujuzi. Ni vema fedha hizo zipitie kwa kamati na ziandikwe kitabuni.

Maswali ya kujadili

- Ni vijana wangapi katika mitaa yetu wanatafuta kazi, na wana ujuzi gani?
- Ni waumini gani wenye biashara wanaoweza kumpokea kijana kwa mafunzo?
- Nani katika kamati atasoma barua za maombi kabla hazijapelekwa?