Panya Huzaa Vipi? Somo kwa Vikundi Vyetu



Kikundi kimoja cha akina mama nilichotembelea kilikuwa karibu kuvunjika kwa sababu ya mahindi. Magunia ya kikundi yalikuwa yakipungua, na kila mtu akamtazama mama aliyeshika ufunguo wa stoo. Mama wa watu akalia. Siku tulipoyatoa magunia yote tupime, chini yake tulikuta kiota cha vipande vya gunia na karatasi. Ndani walilala watoto wa panya, wekundu, vipofu, hawana hata unyoya. Mwizi ndiye huyo! Wanakikundi walimwomba mwenzao msamaha.

Basi tumjue adui huyu.

Mimba. Panya jike hubeba mimba kwa wiki 3 hivi. Panya wa darini huzaa watoto kati ya 5 na 8. Yule wa shambani, ambaye anaweza kuwa na chuchu hata 24, huzaa kama 10 au zaidi kwa mara moja. Tena, mara tu baada ya kuzaa anaweza kushika mimba nyingine huku ananyonyesha.

Malezi. Mama huwaficha watoto kiotani na kuwapa joto. Wakifika wiki 2 hufumbua macho. Wiki ya 3 au ya 4 huacha kunyonya na kuanza kula mahindi yako. Wakiwa na miezi 3 hivi, nao wanaweza kuzaa.

Hesabu. Tuseme panya wawili, dume na jike, wamezaa watoto 8, na 4 ni majike. Mama na binti zake 4 wakizaa 8 kila mmoja, hao ni 40. Ukijumlisha na wale 10 wa kwanza, una panya 50! Wengi hufa, ni kweli, lakini chakula kikiwa tele wanaobaki wanatosha kukuletea njaa.

Kwa hiyo kumuua mmoja jikoni hakutoshi. Panya wa shambani huongezeka mvua ikileta majani na mbegu. Tukivuna, shamba hubaki tupu, nao hutufuata nyumbani.

Tufanye nini?

1. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Yasogeze kila wiki ili wasipate nafasi ya kulea.
2. Ghala liwe juu ya miguu ya mita 1, mbali na miti. Kila mguu uvikwe koni ya mabati.
3. Ziba matundu. Panapoingia kidole gumba, panya mdogo naye hupita.
4. Fyeka nyasi karibu na nyumba, na funika chakula na maji.
5. Tegeni mitego siku moja kijiji kizima. Ukisafisha kwako peke yako, wa jirani watahamia.

Tahadhari na sumu: imeua watoto na paka. Usiwashike panya kwa mikono mitupu, kwani mkojo na viroboto vyao huleta magonjwa. Na bundi, jamani, tusimpige mawe! Yeye hula panya usiku kucha.

Maswali ya kujadiliana

1. Stoo yetu ina maficho gani?
2. Nani atakagua kila wiki, na ataandika wapi?
3. Je, tumewahi kumshuku mwenzetu kabla ya kuchunguza?

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.