Moyo wa Barafu: Dakika 22 za Kufundishia Wahusika

Kama umewahi kukaa kwenye kibanda umiza unajua sheria ya kwanza: steringi hafi. Sheria ya pili haisemwi lakini kila mtu anaijua, kwamba adui hana shida nyingine duniani zaidi ya kuwa adui. Anacheka vibaya, anampiga mzee wa watu bila sababu, basi, tumeshamjua, tunasubiri apigwe twende nyumbani. Mimi nimekulia Ngamiani hapa Tanga, na kwa miaka mingi nilidhani hadithi zote ndivyo zinavyotengenezwa. Makala haya ni juu ya episodi moja ya katuni inayoivunja sheria hiyo ya pili, na juu ya namna sisi wa ualimu tunavyoweza kuiingiza darasani kwenye mada ya wahusika. Nasema mapema kwamba naipenda mno, kwa hiyo msitegemee hukumu ya jaji.

Inaitwa "Heart of Ice", yaani moyo wa barafu, na imo katika mfululizo wa Batman: The Animated Series. Ilionyeshwa Marekani kwa mara ya kwanza tarehe 7 Septemba 1992, miaka kumi hivi kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mwandishi ni Paul Dini, mwongozaji Bruce Timm. Dini alipata tuzo ya Emmy ya vipindi vya mchana kwa uandishi wa episodi hii, na ukiitazama huulizi kwa nini.

Adui wake ni Mr. Freeze, na historia yake peke yake ni somo. Alianza mwaka 1959 kwenye vitabu vya katuni akiitwa Mr. Zero: mwizi mwenye bunduki ya barafu, mwisho wa habari. Jina la Mr. Freeze lilikuja na tamthilia ya televisheni ya miaka ya 1960, lakini bado alikuwa kichekesho tu. Kwa zaidi ya miaka thelathini hakuna aliyejali kumuuliza mtu huyu kwa nini anagandisha vitu. Dini ndiye aliyeuliza.

Jibu lake ni hili. Victor Fries alikuwa mwanasayansi kwenye kampuni ya GothCorp. Mkewe, Nora, aliugua ugonjwa usio na dawa, naye akamgandisha ndani ya chombo maalumu ili ugonjwa usimame hapohapo mpaka tiba ipatikane. Mkuu wa kampuni, Ferris Boyle, akaona gharama zimezidi. Siku moja akaingia maabara na walinzi wake, akaamuru mitambo izimwe na Nora akiwa ndani. Fries alinyakua bunduki ya mlinzi akawazuia. Boyle akajifanya amelegea, anakubaliana naye, kisha akampiga teke mpaka kwenye meza ya kemikali. Tangu hapo mwili wa Fries hauwezi kuishi isipokuwa kwenye baridi kali. Anatembea ndani ya suti yenye kofia ya kioo, na anaiba mitambo, kifaa kimoja kimoja, kutoka kwa kampuni ileile, aunde mzinga wa kumgandishia Boyle.

Sasa tuingie kwenye somo lenyewe. Sote tumefundishwa kwamba kuna wahusika bapa na wahusika duara. Mhusika bapa habadiliki, ana upande mmoja, ukimwona leo umemwona kesho. Mhusika duara ana pande nyingi na anabadilishwa na yanayomkuta. Tatizo la maelezo haya ni kwamba mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anayakariri kama namba ya simu, anayaandika kwenye mtihani, anapata alama zake, na siku ya pili hawezi kukuambia jirani yake ni bapa au duara. Mfano unaogusa unasaidia kuliko fasili tatu.

Na kuna kitu kimoja ambacho fasili haisemi: ubapa si kosa. Mzee wetu Shaaban Robert, mzaliwa wa hapahapa Machui, alijaza wahusika bapa kwa makusudi. Katika Adili na Nduguze (1952), Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu. Majina tu yamemaliza kazi. Hadithi inataka tuupime uadilifu, kwa hiyo husuda inatembea kwa miguu miwili na jina lake kifuani. Lakini hata pale, tazama kinachoumiza: ndugu hao wamegeuzwa manyani, na Adili analazimika kuwachapa kila usiku. Mtu mwema anamchapa ndugu yake. Nadhani Mzee alijua vizuri kwamba hata ukimpa mtu jina la Hasidi, bado ana kaka.

Jirani zetu wa Kenya nao wana shujaa wao wa katuni, Super Sema, iliyoanza kuonyeshwa YouTube mwaka 2021, Lupita Nyong'o akiwa miongoni mwa watayarishaji na watoa sauti. Mdogo wangu anaipenda, na mimi nimeitazama naye zaidi ya ninavyopaswa kusema hadharani. Sema ni binti wa miaka kumi anayeshinda kwa sayansi na ubunifu. Adui yake ni roboti asiye na moyo, Tobor. Lisome jina hilo kinyumenyume. Kwa watoto wadogo hiyo ni sawa kabisa. Lakini kijana wa miaka kumi na sita ameshakutana na watu wabaya wa kweli, na anajua hakuna hata mmoja aliyekuwa roboti.

Nilipokuwa TP, kwenye shule moja ya kutwa upande wa barabara ya Pangani, nilibeba kompyuta yangu na spika ya kuazima, nikaomba vipindi viwili vilivyofuatana, dakika 80. Kiingereza cha katuni kinakimbia, kwa hiyo nilifanya kama alivyokuwa akifanya Lufufu kwenye kanda zake za zamani: nilisimama pembeni nikawa nasimulia kwa Kiswahili juu ya picha. Jamani, ile kazi si mchezo. Anayedhani kutafsiri ni kubadili maneno ajaribu kumweleza mtoto wa Tanga ule mpira wa kioo wa Mr. Freeze: ndani una maji na mwanasesere anayecheza, ukiutikisa chenga nyeupe zinaelea kama theluji inaanguka. Barafu tunayoijua sisi ni ya ubuyu na ukwaju, au ile ya kuwekea samaki pale Deep Sea. Nikawaambia ni kitu cha kumbukumbu, kama khanga ya marehemu iliyobaki sandukuni. Wakaelewa hapohapo, na sikuhitaji kueleza ishara ni nini.

Mbinu rejeshi nayo ilijifundisha yenyewe. Habari ya Nora hatuambiwi mwanzoni. Nusu ya kwanza tunamwona jambazi wa barafu tu, tunamchukia kwa raha zetu, mpaka Batman anapoupata mkanda wa video uliorekodiwa maabara siku ile. Tunautazama pamoja naye. Kama Dini angeanza na mkanda, tungekuwa na hadithi ya huzuni ya kawaida. Alipouweka katikati, alitulazimisha turudi nyuma na kuyasoma upya matukio yote tuliyokwisha kuyahukumu. Darasa lilinyamaza kabisa, mpaka ikasikika feni ya ofisi ya jirani.

Kinaya sikuhitaji hata kukitaja. Usiku ambao Freeze anamfuata Boyle, Boyle yuko ukumbini anapewa tuzo ya utu. Vijana walipiga kelele kama timu imefungwa goli la mkono.

Ukali wote wa episodi unakatwa na supu. Batman ana mafua, na mtumishi wake Alfred amempa supu ya kuku kwenye chupa ya chai. Mwisho wa pambano, suti na mitambo yote imeshindwa, Batman anampiga Freeze na ile chupa kwenye kofia ya kioo. Supu ya moto juu ya kioo cha baridi kali, kioo kinapasuka. Mtu asiyepata joto popote anaangushwa na chakula cha mgonjwa. Sijui kama Dini alifikiria hivyo, ila mimi siwezi kuacha kufikiria.

Baada ya hapo niliuliza swali moja: Freeze ana hatia au hana? Karibu wote walimtetea. Binti mmoja akasema wazi kwamba kosa ni la aliyezima mashine kwa sababu ya pesa, na kwamba hata kwao wamewahi kuambiwa habari za pesa mgonjwa akiwa kitandani. Hakuna aliyecheka. Nami nilikuwa upande wao moyoni. Nina mjomba aliyemuuguza mkewe miaka miwili, na alipofiwa akageuka mkali kama pilipili. Mtaani wakamwita mkorofi, watoto wakawa wanavuka barabara wakimwona. Aliyemjua kabla ya msiba ule hakuweza kulitumia neno hilo kwa wepesi.

Lakini kijana mmoja wa nyuma, mkimya, akanyoosha mkono. "Mwalimu, na yule aliyegandishwa miguu?"

Alikuwa sahihi, na hapa ndipo ninapoiheshimu episodi hii kuliko filamu nyingi zilizoiga baadaye. Katika wizi wa mwanzo, Freeze akimlenga Batman, baridi inampata mmoja wa vijana wake mwenyewe. Miguu imeganda, anaomba asiachwe. Freeze anamwacha. Anayembeba kumpeleka kwenye matibabu ni Batman. Yaani yule aliyelia kwa sababu mtu wake alikatiwa msaada, naye anamkatia msaada mtu wa mwingine. Dini hakusahau. Ameiweka kabla hatujajua habari za Nora, wakati bado hatuna huruma, na anatutegemea tuikumbuke baada ya kumwonea huruma. Watazamaji wengi hawaikumbuki. Wanakumbuka chozi la mwisho kule gerezani, Freeze peke yake na ule mpira wa kioo, akimwomba Nora msamaha.

Kwa hiyo mwenzangu ukiandika andalio la somo, usiishie kwenye "ana pande nyingi". Waambie wanafunzi wachore jedwali la safu mbili: alichotendewa, na alichotenda. Kisha wajaze jedwali hilohilo kwa mhusika wa kitabu wanachosoma darasani. Safu ya kwanza isifute ya pili, wala ya pili isifute ya kwanza. Darasa langu lilibishana juu ya hili kwa dakika kumi na tano na mimi nilikaa kimya, jambo ambalo mwalimu msimamizi aliliandika kwenye fomu yake kama "ushirikishwaji mzuri". Umeme ukikatika, simulia. Episodi ni fupi, inasimulika.

Kengele ilitukuta kwenye swali ambalo sikuwa nimeliandaa. Mwishoni Batman anampa mwandishi wa habari ule mkanda, na ndio unaomuumbua Boyle. Yule binti wa mwanzo akauliza, hali anakusanya madaftari: je, kama siku ile maabara hakukuwa na kamera, nani angemwamini Freeze?